Matairi ya Misimu Yote, Hadi Makete

"Misimu yote ya nani?"

Mzee Kondo aliniuliza hivyo kabla hatujaivuka hata Kibaha. Nilikuwa nimetoka kumweleza, kwa majivuno kidogo, kwamba gari letu lina matairi ya misimu yote, kwamba kwa baridi ya Makete hayo ndiyo yanayofaa, kwamba nimesoma. Akayaonja maneno yangu kama mtu anayeonja mchuzi wa mwenzake.

"Masika na vuli? Kipupwe na kiangazi? Au misimu ya huko yalikotengenezwa? Maana huko, mwanangu, wana theluji. Sie tuna tope. Tairi limeambiwa hilo?"

Nikamwambia nitamjibu tukifika Morogoro. Morogoro tukaipita, nikajifanya nimesahau.

Wengi wenu mmekuwa mkinidai kisa hiki tangu niliporudi, kila mtu na kipande alichokisikia kwa mwenzake. Kuna anayeamini tulifukuzwa na majambazi. Kuna anayeamini shangazi yangu alimpiga mtu na nazi. Haikuwa nazi. Naandika yote mara moja ili niache kuulizwa.

Tandika, kabla ya safari

Kaka yangu Deo alitaka kumwoa Eliza, binti wa Mzee Sanga, ambaye kwao ni kijiji kimoja juu zaidi ya Makete mjini. Posa ilikwishapelekwa na kupokewa. Yalibaki mazungumzo ya mahari, na hayo kwao hayafanyiki kwa simu. Mara ya kwanza wajumbe wetu walipanda basi, basi likaharibika njiani, wakageuza. Kwetu Goba tuliita bahati mbaya. Kule mlimani waliita dharau. Mzee Sanga akatuma neno: njooni Jumamosi, na Jumamosi ikipita msijisumbue tena. Eliza akamwambia Deo kilichokuwa nyuma ya neno hilo. Kulikuwa na mwalimu wa shule ya jirani, mtu wa kanisani kwao, mpole, mwenye nyumba ya bati jipya, naye alikuwa anangoja tu watu wa Dar washindwe.

Deo hakulala vizuri wiki ile. Nilimkuta asubuhi moja anapiga pasi shati ambalo alikuwa amekwisha kulivaa.

Mwoaji haendi kujiombea, kwa hiyo tulikwenda watatu. Wa kwanza ni Mzee Kondo, mshenga. Ni rafiki wa baba tangu walipofanya kazi pamoja bandarini: Mzaramo wa Temeke, Mwislamu, mtu ambaye baba husema angeweza kumkopesha samaki maji. Wa pili ni Shangazi Oliva, dada yake baba, maana mazungumzo ya mahari bila shangazi ni soga tu. Wa tatu ni mie, kwa sababu gari ni langu na kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kuendesha. Basi Wakatoliki walikuwa wanakwenda kwa Walutheri wakiongozwa na Mwislamu, na hakuna aliyeona ajabu yoyote.

Deo ndiye aliyetaka nibadilishe matairi. Nilikwenda Tandika. Muuzaji alinitolea manne ya mtumba kutoka Japani, akalipiga moja kwa kiganja kama mtu anayechagua tikiti maji.

"Sista, haya ni misimu yote. Jua, mvua, tope, theluji."

"Theluji umeiona wapi?"

"Kwenye friji."

"Sasa unajuaje kama yanafaa?"

"Mumeo naye unamhoji hivi hivi?"

"Sina mume."

"Nilijua tu," akasema, akanisogezea kiti, maana aliona nimekuja kukaa.

Nilisoma ubavu wa kila tairi. Nilichomeka sarafu kwenye mifereji yake kuona kina. Nyumbani nilikuwa nimeshasoma vya kutosha kuwachosha watu: kwamba mpira wa tairi la nchi ya joto huganda kwenye baridi kama samli, ukapoteza kushika barabara, kwamba tairi la theluji lenyewe hubaki laini, lakini ukiliweka kwenye lami ya Dar linalika kama kifutio. La misimu yote limekaa katikati. Halichukii joto wala baridi, na halipendi sana lolote kati ya hayo. Mie vitu vya katikati sivielewagi. Nilinunua hata hivyo, nikiwa na mashaka, ambayo ndiyo namna yangu ya kununua.

Goba hadi Chalinze

Tuliondoka Ijumaa kumepambazuka. Mzee Kondo alikuja amevaa kanzu, juu yake sweta, juu ya sweta koti la sufu la mtumba lenye vifungo vya shaba, na shingoni skafu. Dar yote ilikuwa inatoka jasho.

"Mzee, shikamoo. Baridi iko mbali bado."

"Marahaba. Nataka inikute nimejiandaa."

Shangazi alipakia hotipoti la vitumbua, chupa ya chai, mwamvuli na rozari, akaketi nyuma akiwa amekumbatia vyote.

Kwenye foleni ya Mbezi kijana mmoja akapita kando ya gari, akainama, akanyoosha kidole kwenye gurudumu la nyuma. "Dada, tairi! Tairi lako, dada!"

Sikugeuza hata shingo. Nyie wa Dar mnajua, lakini kuna wenzetu wa mikoani wanaosoma hapa, kwa hiyo nieleze. Kwetu, mtu usiyemjua akikuonyesha tairi kwenye foleni, tairi halina kitu. Unashuka kutazama, unainama, na mwenzake anafungua mlango wa upande wa pili na kuondoka na mkoba. Ni somo la kwanza la udereva, linatangulia breki.

"Mie walinipata Mbagala," Mzee Kondo alisema. "Nilishuka kwenye gari la mpwa wangu, nikalitazama tairi, zima. Nikampa yule kijana asante. Nikampa asante, Oliva! Narudi ndani, kanzu yangu ya Idi haipo, na kilo za mchele hazipo."

"Na asante yako kaondoka nayo," Shangazi akasema.

"Tangu siku ile, akinionyesha tairi hata malaika, namwambia pita."

Tulisimama Chalinze kula mahindi ya kuchoma na kulitazama lile tairi la nyuma, kwa mbali, kama watu wasiolijua. Lilikuwa zima.

Mikumi, Kitonga na chapati za Iringa

Mikumi twiga watatu walivuka barabara kwa mwendo wa watu wanaotoka msibani, na magari yote yakatulia. Mzee Kondo, ambaye magharibi alikuwa hajawahi kuvuka Morogoro, alishusha kioo, akawasalimia.

Kitonga ndiko tulikokwama. Ni mlima wenye kona za kukunjana, na lori la saruji lilikuwa limekata tamaa katikati ya kona moja. Tukakaa. Madereva walizima injini, wakashuka, wakaanza kutoa maoni. Mama mmoja wa basi la nyuma yetu alikuwa amenunua vitunguu Ruaha Mbuyuni, gunia zima, na alikuwa anahofia vitaoza kabla lori halijaondoka. Shangazi akampa vitumbua. Akatupa vitunguu. Hadi lori linavutwa, wale wawili walikuwa wanaitana dada, na Mzee Kondo alikuwa amekwisha kumpatanisha utingo wa lori na bosi wake kwenye simu.

"Unaona?" alinigeukia. "Nafanya mazoezi."

Tulilala Iringa. Asubuhi mwenye nyumba ya wageni, mama mnene mchangamfu, alileta chapati na chai ya maziwa, akauliza tunatoka wapi. Shangazi akasema Dar, lakini asili yetu Songea.

"Wangoni?" Akaivuta sahani ya chapati kutoka mezani. "Hizi si zenu. Ngojeni niwatafutie panya stoo."

Nilikuwa naanza kumuuliza kama hivyo ndivyo anavyowakaribisha wateja, Shangazi akanitangulia. "Kwanza funga mbwa wako, Mhehe wewe. Nimemwona anapita karibu na sufuria, na ana wasiwasi."

Wakapasuka kwa kicheko, wakakumbatiana kama waliosoma pamoja. Mtani: Wahehe husema Wangoni tunakula panya, nasi husema wao wanakula mbwa. Nilikuwa na insha nzima chuoni kuhusu utani wa makabila, nikaandika kwamba umekufa. Chapati zilirudi mbili zaidi ya tulizoagiza.

Iringa hadi Njombe

Kwenye kituo cha mafuta cha Mafinga nilipima upepo wa matairi. Yote manne yalikuwa yamepungua, kwa kiasi kile kile, ilhali hakuna lililotoboka. Shangazi akashuku uchawi wa Kihehe. Nikawaeleza: Dar tuliyajaza kwenye joto, hapa asubuhi kuna baridi ya kutoa moshi mdomoni, na hewa ikipoa hujikunja.

Mzee Kondo alilitazama tairi kwa huruma ya kweli. "Kumbe hata upepo unasikia baridi." Akajifunga skafu mara ya pili. Kuanzia hapo koti lake lilikoma kuwa kichekesho, na mie niliyekuja na kijaketi cha jinzi nikaanza kulitazama kwa wivu.

Njombe tuliingia kwenye ukungu. Lami ilikuwa imelowa na inang'aa, mashamba ya chai yanaonekana na kupotea. Hapa lazima niyatendee haki matairi: yalishika barabara kwa adabu. Nilijaribu breki mara mbili mahali peupe pasipo na gari, nikitarajia kuteleza, nikavunjika moyo kwa furaha. Shangazi alinunua mfuko wa maparachichi yaliyoiva, makubwa kama ngumi ya seremala, awapelekee wenyeji. Nikamuuliza kwa nini tunawapelekea Wakinga wa Makete maparachichi ya Njombe. Akasema mgeni haendi mikono mitupu, na kwamba mie na maswali yangu nitazeeka kabla yake.

Njia panda

Baada ya Makete mjini tuliiacha lami. Manyunyu yalikuwa yanaanguka tangu asubuhi, na barabara ya kijijini ilikuwa ya udongo mwekundu, unaong'aa kama umepakwa mafuta.

Njia panda palikuwa na kibanda cha mbao, na mbele yake mtu ameketi juu ya pikipiki. Alivaa koti refu la mvua na kofia ya sufu iliyoshuka hadi kwenye nyusi. Begani alikuwa amejitwika minyororo. Minyororo ya chuma, mizito, inaning'inia mgongoni.

Alipotuona aliruka chini, akasimama katikati ya njia, akanyoosha kidole kwenye gurudumu letu la mbele.

"Tairi!" alipaza sauti. "Hayo matairi!"

"Usisimame," Mzee Kondo akasema.

"Yesu na Maria, ana minyororo," Shangazi akasema.

Mie ambaye nauliza kila kitu, hapo sikuuliza. Nilimzunguka kwa upande wa majani, nikaongeza mwendo. Usukani ulikuwa umenyooka, gari halilii popote. Ushahidi wote ulionyesha tairi ni zima na mtu ni yule yule wa Mbezi, amevaa koti tu.

Pikipiki ikawaka nyuma yetu.

Alitufikia upande wangu. Akaonyesha tairi. Kisha akaonyesha tulikotoka, akakata hewa kwa mkono kama anayefunga mjadala. Kisha tena tairi.

"Anasema nini?" Shangazi akauliza.

"Anasema wenzake wako nyuma," Mzee Kondo akatafsiri. "Kanyaga mafuta, mwanangu, kanyaga!"

Nikakanyaga. Akatupata tena, safari hii upande wa Mzee Kondo, na mzee mwenye miaka yake sabini akashusha kioo, akatoa kichwa na nusu ya skafu.

"Mwizi! Mwizi mkubwa wewe! Tumekujua! Sie watoto wa mjini!"

Nyuma nikasikia mfuko unachakarisha. Shangazi Oliva, mwenyekiti wa akina mama wa jumuiya yake, alifungua dirisha na kurusha parachichi. Sijui alijifunzia wapi. Lilimpata yule bwana begani, likapasuka. Pikipiki ikayumba, ikabaki nyuma, ikamezwa na ukungu.

Tulishangilia. Nasikitika kusema tulishangilia.

Mlimani

Kisha mlima ukaanza.

Nilikuwa nimesoma ushauri wa madereva wa nchi za theluji: gia ndogo, usikanyage breki, usukani uuguse kama mtoto aliyelala. Ushauri mzuri, na kwa mwendo wa kona mbili ulifanya kazi, hata Mzee Kondo akalisifu tairi. Kwenye kona ya tatu mifereji ya matairi ilijaa udongo, na tairi lililojaa udongo ni andazi. Gari lilianza kurudi nyuma kwa upole, likageuka ubavu kwa heshima zote, likaketi kwenye mtaro. Hakuna aliyeumia. Maparachichi yalibingirika hadi miguuni kwangu.

Halafu, kutoka chini kwenye ukungu, pikipiki.

Alipanda taratibu, miguu yote miwili chini, kama anayejua hatuna pa kwenda. Akaegesha. Akatembea hadi kwetu, minyororo inalia begani kila hatua, na kando ya minyororo lile parachichi. Nililifunga dirisha, kisha nikaona ujinga wa kulifunga, nikalifungua.

Alimtazama Mzee Kondo. "Shikamoo."

"Marahaba," Mzee Kondo akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Mnakwenda kwa nani?"

Mzee akavuta pumzi, akajaribu kukusanya hadhi yake pale alipoegemea mlango kwa sababu gari limelala upande. "Kwa Mzee Sanga. Tuna shughuli ya heri."

"Mzee Sanga ni kaka yangu," yule bwana akasema. "Baba mmoja, mama mmoja."

Shangazi aliusukuma mfuko wa maparachichi chini ya kiti kwa mguu.

Jina lake Osia. Kazi yake ni hiyo minyororo: magari ya mbao yakishindwa mlima huyafunga matairi kwa minyororo yakapanda. "Nilikuwa nawaambia," alisema, bila hasira yoyote, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi, "kwa hayo matairi hampandi."

Halafu alifanya kitu ambacho wakati ule nilikiona ni uchovu. Alitazama chini tulikotoka. Akatazama juu. Alisimama hivyo, mvua inamdondokea, kama mtu aliyebeba mzigo asiojua autue wapi. Mwishowe akaishusha minyororo, akapiga magoti kwenye tope, akaanza kuifunga kwenye magurudumu yetu.

Sebuleni

Nyumba ilikuwa ya matofali, na sebuleni palikuwa na jiko la mkaa katikati. Mzee Sanga, mrefu, mkavu, amejifunika blanketi begani, alitupokea kwa mshangao fulani ambao nao niliupita. Wazee watatu waliitwa, wakaja wakifunga vifungo njiani. Tulipewa chai na viazi. Kutoka jikoni hakukuwa na harufu ya kitu kingine. Shangazi alininong'oneza kwamba watu wa baridi hawana pupa.

Osia aliingia mwisho. Hakuvua koti.

"Kabla ya yote," Mzee Sanga akasema, "ndugu yangu ana doa begani. Tungependa kulifahamu."

"Wageni wameniita mwizi," Osia akasema. "Na hili ni parachichi."

Jikoni kikombe kilianguka. Baadaye Eliza alikiri kilikuwa chake.

Mzee mmoja mwenye fimbo akazungumza akiutazama mkaa. "Watu wamekuja kuomba mtoto. Wameanza kwa kumwita baba mdogo wa mtoto mwizi. Hilo halina faini. Hilo mtu hufungiwa mlango tu, akaenda zake salama."

Kichwani nilimwona Deo na pasi yake. Nilifungua mdomo nieleze mambo ya foleni ya Mbezi, saikolojia yake, takwimu ambazo ningezibuni pale pale, na Shangazi akanifinya paja hadi maneno yakarudi. Kikao kile kilikuwa na mdomo mmoja tu wa upande wetu.

Mzee Kondo alisimama. Akavua skafu, akaikunja, akaiweka kitini.

"Ndugu zangu. Aliyesema mwizi ni mie. Si huyu binti, yeye aliendesha tu. Si huyu dada yetu, yeye ana parachichi tu." Jikoni mtu alikohoa, kikohozi cha uongo. "Na siji hapa kusema ulimi uliteleza. Haukuteleza, barabara ndiyo iliyoteleza. Kwetu Temeke mtu akikuonyesha tairi, usitazame tairi, tazama mkoba wako. Nimeishi hivyo. Wanangu nimewalea hivyo. Huyu hapa kasoma mpaka chuo kikuu, anamuuliza hata kuku kwa nini ametaga, na leo hakuuliza, kwa sababu naye kalelewa hivyo hivyo."

Mvua ilisikika kwenye bati.

"Leo nimefika mahali ambapo mtu akionyesha tairi, anaonyesha tairi. Nikitukana, ananiamkia. Nikitumbukia, ananifungia minyororo. Nilikuwa sijui kwa nini kijana wetu kaja kutafuta mke mbali hivi, Dar wasichana wapo tele. Sasa najua. Mkitunyima mna haki, wala sitanung'unika. Ila mkitunyima, wajukuu wetu wataendelea kulelewa na watu kama mie."

Akaketi. Yule mzee wa fimbo alikuwa anatikisika mabega. Ilinichukua muda kugundua anacheka.

Mzee Sanga alimgeukia nduguye. "Osia. Neno ni lako."

Osia aliitazama sakafu, kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mtu aliyekosewa. "Mie nimeshasamehe," akasema. "Kesi hii isichimbwe."

Mzee Sanga akatoka. Shangazi akanishika mkono, safari hii bila kufinya. Mzee Sanga alirudi amemkamata jogoo mwekundu miguu, na mkononi kisu. Akasimama mbele ya Mzee Kondo.

"Mzee, hapa jirani hatuna Mwislamu, na sikuandaa mchinjaji. Ukituchinjia wewe, tutakula sote."

Mnaojua mnajua. Katika nyumba zetu za kuchanganyika, ukimpa Mwislamu kisu na kuku wako, umekwisha kumwambia sufuria ni moja. Mzee Kondo alikipokea kisu kwa mikono miwili, akatoka na Osia kwenye manyunyu, na kupitia dirishani niliwaona wawili wale wameinama, mmoja ameshika mabawa, mwingine anasema bismillahi, vichwa vyao karibu kugusana.

Mahari sitayataja. Mazungumzo yalikwenda hadi jogoo akaiva, na Shangazi alipigana kama aliyezaliwa kwa kazi hiyo.

Kurudi

Asubuhi kulikuwa na barafu juu ya majani, nyeupe, ya kuvunjika ukiikanyaga. Nilimpigia Deo simu nikiwa nimesimama juu yake ili asikie inavyolia; hakusikia kitu, alikuwa anapiga kelele. Osia alituteremsha hadi njia panda, akafungua minyororo yake, akakataa asante. Mzee Kondo akampa lile koti la sufu lenye vifungo vya shaba, akarudi Dar amejifunga blanketi la Mzee Sanga.

Matairi bado ninayo. Kwa lami yenye baridi na maji sina malalamiko, na Dar hayajalika kama nilivyohofia. Kwa udongo wa kule msiniulize, tafuteni mtu mwenye minyororo.

Haya yote niliyaandika mwezi ule ule niliporudi. Naongeza kipande hiki sasa, miaka imepita, Eliza ni wifi yangu na wanaishi na Deo kule Chanika. Juzi tulikuwa tunamenya viazi nyuma ya nyumba yao, nikasema, kama ninavyosemaga kila mara, kwamba bahati yetu siku ile baba yake mdogo alitumwa njia panda kutupokea. Akaacha kumenya, akanitazama kupima kama natania. Kisha akaniambia. Mvua ilipoanza alfajiri, wazee walikubaliana kwamba ndiyo sababu nzuri kuliko zote ya kutukataa: barabara haipitiki, hakuna wa kulaumiwa, Jumamosi imepita, na mwalimu ataitwa. Baba mdogo Osia hakutumwa kutupokea. Alitumwa kuturudisha.